Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi ya Sanduku Letu

 

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Risala yenye hesabu ameiandika katibu, imo mwanzoni mwa kijitabu hiki, kwa hiyo sitairudia. Mimi kamati imenituma niseme historia. Elimu yangu ni darasa la saba, nilimaliza mwaka 1984, na historia ya vitabuni siijui. Nitasema yale niliyoyaona nikiwa kwenye kiti hiki, pamoja na jambo moja ambalo ningependa lisahaulike. Nilimwuliza katibu kama linafaa kuchapwa kwenye kijitabu cha sherehe. Akanijibu, "Mama, ukiliacha hilo utabaki na nini cha kusema?"

Kikundi chetu kilizaliwa kwenye jumuiya. Wageni wengi hudhani sisi ni WAWATA. Sisi si WAWATA, ingawa wengi wetu ni WAWATA pia, na mwaka 2022 wanane kati yetu walisafiri hadi Dar es Salaam kwenye Jubilei yake ya miaka 50, wakarudi na vitenge vipya na sauti zimewakauka. Lakini sanduku lilitoka kwenye jumuiya. Maaskofu wa nchi zetu hizi za Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976 waliamua kwamba Kanisa lijengwe kwa Jumuiya Ndogo Ndogo, nyumba chache za majirani. Mimi nilikuwa mtoto, namfuata mama nyuma nimebeba kigoda chake. Mnasoma Injili, mnasali, halafu mnaulizana nani mgonjwa. Hapo kwenye kuulizana nani mgonjwa ndipo yanapotoka mambo mengine yote.

Nirudi nyuma zaidi kidogo. Sisi Wamatengo tulikuwa na sengu. Wanaume wa ukoo walikula pamoja kwa mzee, na wakishakula mambo ya ukoo yalisemwa hapo: mpaka wa shamba, nani hajachimba ngolo zake, nani kamtukana nani. Chakula tulipika sisi. Nimepeleka ugali kwenye sengu ya babu yangu mara nyingi. Naweka, napiga goti, narudi jikoni, na maneno yenyewe siyasikii. Kwa hiyo tulipoanza kukaa kwenye kamati, wengi wetu tulikuwa hatujawahi kukaa mahali pa kuamua. Tulikuwa tunajua kuwapikia wanaoamua.

Sasa niseme kwa nini tulianza. Kwa wageni wasiotoka Mbinga, magoma ni kuuza kahawa ikiwa bado juu ya mti. Mwezi wa kwanza mpaka wa tatu kihenge kimeanza kuonyesha sakafu, mtoto anadaiwa sare na madaftari, mgonjwa anadaiwa dawa, na mwenye fedha anapita nyumba kwa nyumba. Anakupa fedha leo, wewe utampa kahawa msimu ukifika, kwa bei aliyoipanga yeye. Ni nusu ya bei, na mara nyingi haifiki hata hiyo nusu. Serikali imeyakataza magoma, na viongozi wamekuja kuyakataza tena na tena. Tunashukuru. Ila amri haiji na debe la unga.

Mwaka 2013 nilichuma kahawa yangu mwenyewe kama kibarua. Mume wangu alikuwa amechukua magoma mwezi Februari bila kuniambia. Simlaumu sana, mtoto wetu wa tatu alikuwa amelazwa na fedha ilitakiwa siku ileile. Nikachuma, tukamenya, nikaosha, nikaanika kwenye kichanja, nikachambua punje moja moja. Ilipokauka akaja mtu na magunia yake, akapima, akapakia, akaondoka. Hata ahsante hakusema, maana kwake ile ilikuwa mali yake tangu Februari. Mume wangu yule pale amekaa, ananiangalia. Nilimwomba ruhusa nilisema hili akakubali, kwa hiyo msimtazame vibaya.

Alhamisi iliyofuata kwenye jumuiya, Injili ikiisha kusomwa, nikalisema. Nilidhani nitachekwa. Tulikuwa akina mama 14 pale, na 9 walikuwa na habari hiyohiyo. Kila mmoja alidhani ni aibu ya nyumbani kwake peke yake.

Oktoba 2014 tukaanza, tukiwa 19. Mama mmoja wa kata ya jirani aliyekuwa amejifunza VICOBA alikuja kutufundisha majuma matatu. Tulimlipa kuku jogoo na maharage. Ndiye aliyetuambia kwamba mambo haya ya sanduku yalianza na akina mama wa Niger, mwaka 1991, wengi wao hawajui kusoma. Hilo lilitutia moyo kuliko somo lenyewe. Hisa ilikuwa shilingi 1,000, mwisho hisa tano kwa wiki. Fundi seremala alitutengenezea sanduku la mninga lenye kufuli tatu, funguo zikashikwa na watu watatu wasio ndugu, wala mmoja wao si kiongozi. Hisa hatuandiki kwa tarakimu, tunapiga muhuri kwenye kitabu cha mwanachama, ili hata bibi asiyesoma ahesabu mihuri yake.

Mnaweza kuuliza kwa nini kufuli tatu kwa fedha ya wanawake masikini. Wenye umri wangu wanakumbuka miaka ya 1990, ushirika ulipoyumba. Tulipeleka kahawa, tukapewa karatasi. Marehemu baba yangu karatasi yake aliihifadhi ndani ya Biblia mpaka anakufa. Kwa hiyo tulikuwa tumeapa kwamba fedha hii haitageuka karatasi.

Na mimi ndiye niliyekaribia kuigeuza karatasi.

Ilikuwa mwaka 2017. Tulikuwa tumefika 26, hisa ni 5,000. Sisi hugawana mwezi Septemba kahawa ikishalipwa, halafu Oktoba tunaanza mzunguko mpya, na kwa kuwa mifuko bado ina fedha, hisa huingia nyingi. Katikati ya Novemba sanduku lilikuwa na shilingi 2,600,000. Wakati huo parokia ilikuwa inaezeka kanisa. Kuta zilikuwa zimesimama, mbao zimefika, michango ya jumuiya ikawa inasuasua, na mvua zilikuwa zimeanza kunyesha juu ya mbao.

Jumapili moja baada ya misa ya pili wazee wa kamati ya ujenzi waliniita pale kwenye mikaratusi. Mimi nilikuwa pia mjumbe wa Halmashauri ya Walei, kwa hiyo tulikuwa tunafahamiana. Mzee mmoja akasema, "Mama mwenyekiti, tunasikia akina mama mna fedha zimelala tu sandukuni. Tuazimeni milioni mbili, baada ya Pasaka zitarudi."

Jamani, mimi niliona nimeheshimiwa. Wazee wazima wananiomba mimi, binti wa kupeleka ugali! Na ni nyumba ya Mungu, si mtu anayetaka kununua pikipiki. Nikajibu palepale, "Haya wazee wangu, zitapatikana Jumanne." Sikusema "ngoja nikawaulize wenzangu." Nikaenda nyumbani njia nzima naimba.

Jumanne nikafika kwenye mkutano, nikatangaza. Sikuomba, nilitangaza. Nikasema parokia yetu inahitaji, sanduku linayo, naomba wenye funguo wafungue. Wa kwanza akafungua. Wa tatu akafungua. Mwenye kufuli ya katikati, msichana mdogo kuliko wote, ana watoto wawili na mume wake alikuwa mgodini, alikaa na ufunguo wake mapajani. Nikamwambia, fungua. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, tulikubaliana lini?"

Nilikasirika. Yaliyonitoka kinywani sitayarudia yote, lakini nilimwambia kwamba anaona mbolea ni kubwa kuliko Mungu. Mwenyekiti wenu nilisema hivyo, mbele ya watu, kwa mtoto wa kumzaa.

Hapo akasimama mama mmoja kati ya wanachama wetu wawili Waislamu, waliojiunga mwaka wa pili kwa sababu ni majirani na magoma hayachagui dini. Hakupandisha sauti. Akasema, "Mimi sipingi kanisa lenu kuezekwa, mvua ikinyesha hata sisi tunawaonea huruma. Ninachoomba ni kuonyeshwa hisa zangu zitakuwa bati lipi, ili Februari watoto wakiwa na njaa nikalichukue."

Watu walicheka, lakini kilikuwa kicheko cha kuelewa. Maana alikuwa ameitaja Februari. Fedha ile ya Novemba ndiyo mbolea ya Desemba, na mbolea ikirudishwa kidogo kidogo ndiyo unga wa Februari. Kama ingekwenda juu ya paa mpaka baada ya Pasaka, wanunuzi wa magoma wangekuta milango yetu iko wazi kama zamani. Kitu chenyewe tulichokianzishia sanduku. Na mimi mwenyekiti, niliyechumia mtu kahawa yangu mwenyewe, sikuwa nimekiona.

Tukapiga kura. Punje ya mahindi ni ndiyo, punje ya haragwe ni hapana, unatumbukiza kwenye kibuyu. Tulipomwaga kwenye ungo, maharage yalikuwa 21 na mahindi 5. Punje moja ya mahindi ilikuwa yangu. Nilikuwa bado na hasira.

Kazi iliyobaki ilikuwa kurudi kwa wazee. Kamati ilitaka tuende watatu, nikakataa, nikasema niliahidi peke yangu nitakwenda kujing'oa peke yangu. Sijui kama ilikuwa busara au bado kiburi. Niliwakuta wamekaa, wamekwisha kumwambia mwenye duka la vifaa kwamba fedha ipo. Nikawaambia: wazee wangu, nilisema jambo lisilo langu, fedha ile ina wenyewe na wenyewe wamekataa, naomba radhi. Mzee yule akaniuliza kama sasa akina mama ndio wanaopanga kanisa liezekwe lini. Sikumjibu.

Kwa muda wa miezi saba tulikuwa hatupewi chumba cha kukutania pale parokiani. Hakuna aliyetukataza kwa barua, ila kila Jumanne chumba kilikuwa na shughuli. Tulikutana barazani kwa mwanachama mmoja, na mvua ikija upande wa kusini tunahama na sanduku letu. Wenzetu wanne walijitoa. Wawili walirudi baadaye. Mimi niliacha kwenda kwenye vikao vya Halmashauri ya Walei kwa muda, na hilo pia lilikuwa kosa, maana kususa hakujaezeka kitu. Paroko wa wakati ule, ambaye sasa yuko parokia nyingine, aliniita. Nilidhani nakwenda kukaripiwa. Akaomba kuiona katiba yetu, akaisoma yote akiwa amesimama, akaniuliza, "Kifungu cha kukopesha nje ya wanachama kiko wapi?" Nikasema hakipo, Baba. Akanirudishia daftari, akasema, "Basi."

Septemba 2018, siku ya kugawana, tuliweka kapu mlangoni. Kila mwanachama akishapokea fedha yake, ikiwa mkononi mwake, anatia anachotaka au anapita. Hatukuandika majina. Ilipatikana laki nne na kitu, mbali sana na milioni mbili, tukaipeleka kwa kamati ya ujenzi nao wakaipokea. Kanisa liliezekwa kwa michango ya jumuiya, likachelewa karibu mwaka mzima, na mbao nyingine ilibidi zibadilishwe. Hilo sitaki kulificha. Uamuzi wetu ulikuwa na gharama, na gharama ile ililipwa na parokia nzima.

Mzee yule yupo hapa leo, amekaa na wazee wenzake. Mke wake alijiunga nasi mwaka 2020. Mimi na yeye tunasalimiana vizuri, tumezikana, tumealikana arusi, lakini jambo la mabati hatujalizungumza mpaka leo. Labda atalisoma humu. Shikamoo, baba.

Baada ya pale kamati tulibadilisha mambo. Nilitozwa faini ya shilingi 10,000 kwa kusemea kikundi bila kutumwa. Ndiyo faini kubwa kuliko zote kwenye daftari letu, kubwa kuliko ya simu kulia na ya kuja na umbea. Kiongozi yeyote akiombwa jambo huko nje, kwenye msiba, kanisani, sokoni, jibu ni moja: "Nitawapelekea wenzangu." Mwanzoni watu walituona tunaringa. Pia hatufungi sanduku mpaka salio limesomwa kwa sauti na wote tumelirudia, na juma linalofuata kabla ya kufungua mtu yeyote anaulizwa tulifunga na shilingi ngapi. Hata vitabu vikiungua, hesabu imo vichwani.

Na msichana yule wa kufuli ya katikati nilimwomba radhi mkutanoni, mahali palepale nilipomtukania. Leo ndiye mweka hazina wetu. Parokia nayo imemchukua yeye na mwenzake kwenye kamati ya fedha, wanahesabu sadaka. Nasikia huko nako anawachosha watu na maswali.

Mambo mengine nitayapitia haraka maana chakula kinapoa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilitutaka vikundi vyote tusajiliwe. Tulienda Halmashauri ya Wilaya mara tano ndipo karatasi ikatoka, safari moja kwa sababu ya picha ndogo. Mwaka 2020 wakati wa korona tulikutana kwa zamu, watano watano. Mwaka 2023 tulikuwa tumejaza fomu za ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, Aprili ikasimamishwa nchi nzima, tukarudi kwenye sanduku letu, na nadhani hatukudhurika. Tumezika wanachama wawili, na mfuko wa jamii ulitoa sanda na sanduku kabla ndugu wa mjini hawajapokea simu. Tuwakumbuke katika sala.

Sasa magoma. Wageni watapenda kusikia kwamba yamekwisha. Hayajakwisha. Siku hizi kahawa inakwenda mnadani kupitia AMCOS, na hiyo ni nafuu, lakini malipo yakichelewa hata majuma machache yule mwenye fedha taslimu anapita tena jioni. Msimu uliopita nyumba tatu za wanachama wetu ziliuza kahawa juu ya mti. Moja ni ya mjumbe wa kamati. Alikuja mwenyewe akasema, kabla hajasemwa. Alikuwa amekwisha kukopa kiasi chake chote sandukuni, mama mkwe akaugua. Tulikaa siku hiyo mpaka giza. Hatukumtoza faini, na wapo waliosema tumempendelea. Kwa hiyo ombi letu kwa Mgeni Rasmi si mabati wala kompyuta. Tunaomba utusemee kwa wanaohusika na malipo ya kahawa, mkulima ajue siku ya kulipwa. Akijua siku, anaweza kuivumilia.

Na kwa waume zetu: mwanzoni mlituuliza tunakwenda kusema nini kila Jumanne. Sasa mnatukumbusha ninyi kwamba ni Jumanne. Tunawashukuru.

Jambo la mwisho. Mwezi ujao ni uchaguzi wa kamati na mimi sitagombea. Miaka kumi kwenye kiti kimoja ni mingi mno, na msinichagulie kwa huruma, nimekwisha kumwambia msimamizi afute jina langu. Daftari la faini liko pale mezani karibu na keki. Atakayetaka kuona ile faini yangu, imekunjwa sikio la ukurasa.

Baada ya kusema hayo naomba mweka hazina na wenye funguo waje mbele, tufungue sanduku hadharani kama tulivyowaahidi wageni. Lakini kwanza, mwanachama mmoja asimame atuambie juma lililopita tulifunga na shilingi ngapi. Katibu wewe kaa chini, nimekuona. Mama wa nyuma pale mwenye mtoto mgongoni, sema wewe.